Namna ya kutengeneza waini ya zabibu za Dodoma ukiwa Dar, kama nilivyofundishwa na mtangazaji wa Hungaria

Mi nilikuwa mtangazaji. Miaka kumi na nne ya kipindi cha asubuhi kwenye redio moja hapa mjini, kuamka saa tisa usiku, kufika studio kabla hata mama chapati hajawasha jiko, alafu siku moja tukaitwa kikao tukaambiwa kituo kinapunguza watu na mi nikiwemo, haya hayo tuyaache. Leo naandika kuhusu waini maana kila nikiweka picha ya chupa zangu status watu wananijazia meseji za "kaka unafanyaje, na sisi tufundishe", na kujibu mmoja mmoja nimechoka.

Nilikoipata hii kazi ni mbali kidogo. Mpwa wangu anasoma Budapest, na kila mwaka mwezi wa tisa mwanafunzi mwenye njaa kule anaenda kufanya kibarua cha kuvuna zabibu. Akaangukia kwa mzee mmoja upande wa kaskazini wa ziwa Balaton, mzee ana shamba dogo la mteremko na kiwanda ambacho ukikiona utasema ni banda la kuku, kumbe huyo mzee kabla ya hapo alikuwa mtangazaji wa redio. Dogo akanitumia voisi noti, "Anko, kuna mzee huku yuko kama wewe kabisa, sauti nzito, anaongea na mapipa kama anasoma taarifa ya habari." Basi toka siku hiyo tukawa tunawasiliana, mzee anaongea Kihungaria, dogo anatafsiri, mi nipo Tabata na daftari langu. Ndo shule yangu hiyo.

Kabla hujaenda sokoni kuna kitu nataka ukishike. Hapa Dar shida yako haitakuwa zabibu, haitakuwa hamira, haitakuwa hata chupa. Shida yako ni JOTO. Wahungaria wanasifiwa kwa waini lakini ukiangalia vizuri nusu ya ufundi wao ni shimo. Nenda Tokaj, kaskazini mashariki mwa nchi yao, waini zinalala kwenye mapango yaliyochimbwa kwenye mwamba wa volkano, humo ndani ni nyuzi 10 mpaka 12 mwaka mzima, kuta zimeota ukungu mweusi laini kama manyoya ya paka, na ule ukungu unaishi kwa mvuke wa pombe unaotoka kwenye mapipa. Sasa we una pango? Una chumba na sebule, una dari ya jipsam na bati juu yake, saa nane mchana ndani nyuzi 31. Kwaiyo kila nitakachokwambia hapa chini ukikiangalia vizuri utaona ni njia ya kutengeneza pango la uongo ndani ya nyumba ya kupanga.

Tuanze na msimu. Dodoma wanavuna mara mbili kwa mwaka, mavuno ya kwanza yanaangukia mwezi wa pili kwenda wa tatu na ya pili mwezi wa nane kwenda wa tisa. Chukua ya pili. Mi batch yangu ya kwanza niliifanya mwezi wa pili, Dar inachemka, umeme unakatika, ile juisi ilichachuka siku tatu ikatulia ikabaki na harufu ya ndizi iliyooza na kiberiti. Mwezi wa nane usiku unashuka mpaka nyuzi 20 hivi na upepo wa kusi bado upo, inakusaidia sana. Na raha yake nyingine ni kwamba mwezi wa tisa na Wahungaria nao ndo wanavuna, kwaiyo mi na yule mzee tunakamua wakati mmoja, yeye kavaa sweta mi niko kifua wazi.

Zabibu unayoitaka ni ile nyekundu ya Makutupora, ile yenye ganda gumu na mbegu, imepewa jina la eneo lenyewe nje kidogo ya mji wa Dodoma ambako kuna kituo cha utafiti wa zabibu. Usije ukachukua zile kubwa za kijani zisizo na mbegu za supamaketi, zile ni za kula, tamu na maji matupu, waini yake inakuwa nyepesi kama chai ya msibani. Mi naagiza kwa mtu wa Dodoma anapakia kwenye basi la usiku, naipokea alfajiri stendi ya Magufuli pale Mbezi. Mwambie azipange kwenye kreti fupi na sio kwenye gunia wala tenga refu, za chini zikipondeka njiani zinaanza kuchachuka zenyewe ndani ya basi na ukifungua unakutana na mainzi na harufu ya siki. Ukikosa kabisa mtu wa Dodoma nenda soko la Ilala au Kariakoo asubuhi mapema, onja kabla hujanunua, tafuna na mbegu yake, mbegu ikiwa ya kahawia na inavunjika kwa sauti hiyo imeiva, ikiwa ya kijani na inanata rudisha.

Mahesabu yangu ni ya kilo 20. Kilo 20 zinakupa waini kama lita 12 mpaka 13, na kwa mtu wa kwanza inatosha, tena inatosha sana. Yule mzee alicheka aliposikia nataka kuanza na kilo 100. Akanitumia ujumbe kwamba kule kwao enzi za ujamaa mashamba ya serikali yalikuwa yanatengeneza waini kwa matenki makubwa kama ya mafuta, inapakiwa inaenda Umoja wa Kisovieti, hakuna aliyejali ladha alimradi wingi, na watu wadogo kama yeye walipata nafasi baada ya mfumo kubadilika 1989 na 1990. Akasema tengeneza kiasi ambacho unaweza kukisikiliza chote kwa sikio lako. Mtu wa redio hiyo lugha anaielewa.

Vyombo sasa. Unahitaji ndoo moja ya lita 30 yenye mfuniko, ya plastiki ya chakula, mpya, maana ndoo iliyokaa rangi au achari haitoki harufu hata uioshe kwa maombi. Dumu moja la lita 10 na chupa za kioo tatu nne za kumalizia. Mwiko wa mti ambao haujawahi kuona kitunguu. Kifumbu, ndio, kile kile cha kukamulia tui, nunua kipya. Mpira mwembamba wa kuhamishia, mi natumia wa dripu nanunua mpya duka la dawa. Haidromita, yaani kile kijiti cha kioo kinachoelea na kukwambia sukari ni kiasi gani, agiza kwa wauza vifaa vya maabara. Kipima joto. Mzani mdogo kama wa sonara. Na daftari! Studio tulikuwa na kitabu cha zamu, kila kitu kinaandikwa, saa ngapi tangazo lilienda, saa ngapi jenereta iliwaka, na mi nimehamishia hiyo tabia hapa, bila daftari mwakani hutajua kwanini ya mwaka huu ilikuwa tamu.

Tahadhari moja ya chujio: usitumie chandarua. Najua mtaani watu wanachujia nacho togwa na vitu vingine lakini vyandarua vyetu vingi vimewekwa dawa ya kuua mbu, sasa we unataka kunywa dawa ya mbu? Kifumbu au kitambaa cheupe cha pamba kilichochemshwa, basi.

Usafi osha kwa sabuni isiyo na manukato, suuza mara tatu, malizia na maji ya moto. Jiki nimeacha kutumia, ikibaki hata kidogo waini inapata harufu ya boksi lililolowa na haitibiki.

Siku ya kukamua toa zabibu kwenye vikonyo moja moja, ni kazi ya kukaa chini na watoto na redio ikiwa imewashwa, masaa matatu hivi. Iliyooza tupa, yenye ukungu tupa. Na hapa kuna mjanja ataniambia mbona Wahungaria wanatumia zabibu zenye ukungu. Kweli wanatumia, ile Aszú, waini yao tamu ya Tokaj, ndo inatoka huko, lakini ule ni ukungu wa aina yake, unakuja na umande wa asubuhi kutoka mito ya Bodrog na Tisza, mchana jua linakausha, zabibu inasinyaa sukari inajikusanya, alafu wanaiokota punje moja moja kwa mkono. Zamani walipima kwa kapu la kama kilo 25 linaloitwa puttony, wanahesabu makapu mangapi yameingia kwenye pipa la lita 136, na toka 2013 sheria yao inataka Aszú iwe na angalau gramu 120 za sukari kwa lita, soda nyingi hapa zina kama 100 hivi. Ukungu wa kwenye kreti iliyokaa siku mbili Kariakoo sio huo, huo ni uozo tu, tupa.

Ponda kwa mikono, au miguu kama unajiamini. Blenda HAPANA, inasaga mbegu na mbegu ikisagika inatoa uchungu wa kama muarobaini. Unataka punje ipasuke tu. Ndoo isijae, acha theluthi moja wazi maana kesho kutwa maganda yatapanda juu kama uji uliosahaulika jikoni.

Ikishapondwa chukua juisi kidogo pima kwa haidromita. Yangu ya mwaka jana ilisoma 1.080, maana yake ikichachuka yote inatoa pombe ya kama asilimia 10 na nusu. Mi nataka 12 maana waini dhaifu kwenye joto letu haikai. Kanuni ni kwamba gramu 17 za sukari kwa kila lita zinaongeza asilimia moja, kwaiyo kwa lita 12 nikitaka kuongeza moja na nusu ni gramu 300 na kitu, nikaziyeyusha kwenye juisi hiyo hiyo, sio kwenye maji. Usiongeze maji kabisa. Jirani yangu aliongeza lita 5 ili "iwe nyingi", akapata lita 17 za kitu ambacho hakuna aliyemaliza glasi.

Alafu kuna salfaiti, unga mweupe unaitwa potasiamu metabaisalfaiti, kazi yake ni kulaza bakteria na hamira za mwituni zilizokuja na zabibu. Kwa lita 12 weka gramu 1.1, pima kwa mzani usikadirie kwa kijiko, koroga, funika kwa kitambaa, subiri mpaka kesho. Usiinamie kuivuta harufu, inakaba, na kama mna mgonjwa wa pumu mwambieni kabla hajanywa. Ukiikosa unaweza kufanya bila hiyo, ila uwe msafi mara mbili na unywe mapema.

Kesho yake ndo hamira. Ya waini inauzwa kwenye pakiti za gramu 5 na pakiti moja inatosha ndoo nzima, iamshe kwanza kwenye maji ya vuguvugu robo saa kabla ya kumimina. Hamira ya maandazi nayo inafanya kazi siwezi kukudanganya, nilianza nayo, ila waini inanuka mkate na mashapo yake hayatulii, ukigusa chupa tu yote yanapanda. Kama unajali agiza ya waini.

Sasa tumefika kwenye joto, na hapa nitakaa kidogo.

Juisi ikianza kuchachuka inatoa joto lake yenyewe. Yaani chumba kikiwa nyuzi 28 ndani ya ndoo unaweza kukuta 32, 33, na ikigusa 35 hamira zinaanza kuzimia, zikizimia sukari inabaki nusu, bakteria wanakuta sherehe mezani. Waini nyekundu inakubali mpaka 28, nikiona 30 naingia wasiwasi. Waini nyeupe inataka chini ya 18, kwaiyo bila friji la kazi hiyo tu sahau nyeupe hapa Dar, mi nishaacha kuhangaika nayo.

Mahali pa kuweka ndoo ni sakafu ya bafuni, kwenye marumaru, ndo sehemu yenye ubaridi kuliko zote nyumbani. Sio jikoni na sio juu ya friji, juu ya friji kuna joto na watu hawajui. Iweke ndoo ndani ya beseni kubwa la maji, maji yafike nusu ya ndoo. Gandisha chupa za maji za lita moja na nusu, kama sita, asubuhi tumbukiza tatu kwenye lile beseni jioni badilisha weka tatu nyingine. Beseni, sio ndani ya waini! Ule ujanja wa kuvika ndoo taulo bichi na kupulizia feni nilipewa na jamaa wa Dodoma, kwake unafanya maajabu maana hewa yao kavu maji yanakauka haraka na kuondoka na joto, huku kwetu hewa yenyewe ishalowa maji ya bahari, taulo linakaa bichi siku nzima na ndoo inapoa kidogo tu. Fanya lakini usilitegemee. Luku hakikisha imejaa wiki hiyo, na muuza barafu wa mtaani chukua namba yake kabisa kwa siku umeme ukigoma.

Mama watoto alilalamika kuoga akiruka ndoo. Vumilieni, ni siku sita.

Mara tatu kwa siku, mi ni saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa mbili usiku, chukua mwiko zamisha yale maganda yaliyopanda juu mpaka yalowe tena. Rangi yote na ukakasi mzuri vipo kwenye ganda, na ganda likikaa juu likikauka linaota siki. Kila ukizamisha pima joto andika. Funika kwa kitambaa kinachobana mdomo mzima wa ndoo, kifunge kwa uzi, vile vinzi vidogo vinavyozunguka ndizi mbivu ndo vinaleta bakteria wa siki, kimoja kikiingia usikae ukikiangalia.

Usifunge mfuniko ukabana. Lita moja ya juisi ikichachuka inatoa zaidi ya lita 40 za gesi, sasa piga hesabu ya lita 12. Hiyo gesi ni nzito inakaa chini, kwaiyo dirisha la bafu liwe wazi na mtoto asilale huko. Mi nilijifunza kwa njia mbaya, batch ile ya kwanza niliona imetulia nikaitia kwenye chupa za soda nikakaza vizibo nikapanga chini ya kitanda. Saa tisa usiku PAA! Mwenye nyumba akatoka na panga akijua wezi, alafu PAA ya pili, watoto wanalia, shuka nyekundu kila mahali mpaka mke wangu akadhani nimepigwa risasi. Kodi ilipanda mwezi uliofuata, sisemi ni kwa sababu hiyo lakini sisemi pia sio.

Sasa kusikiliza. Hii ndo sehemu yule mzee aliyoniwekea mkazo kuliko zote. Kwenye redio unajua kwa sikio kama maiki iko mbali, kama mgeni ana woga, kama kuna feni inazunguka chumba cha pili. Weka sikio kwenye ndoo. Siku ya kwanza kimya, siku ya pili inasikika kama mvua ya mbali juu ya bati, siku ya tatu ni kama mtu anakaanga samaki chumba cha jirani, alafu inaanza kushuka. Mi narekodi kwa simu sekunde 30 kila usiku namtumia dogo, dogo anamchezea mzee, na siku moja mzee akajibu kabla hata sijasema chochote, "yako ina joto sana, inakimbia." Nikaenda kupima, nyuzi 32, chupa za barafu nilikuwa nimesahau. Kilomita elfu kadhaa, kwa simu ya dogo!

Siku ya tano au ya sita, haidromita ikisoma kama 1.010 hivi, ni wakati wa kutenganisha. Mimina ile inayotiririka yenyewe kwanza kwenye dumu, alafu maganda tia kwenye kifumbu kamua kama unakamua tui la kwanza, kwa upole. Tui la pili hamna hapa, ukikaza sana unatoa uchungu. Maganda wape kuku kidogo kidogo, ukiwapa yote watayumba uani na watu wataongea.

Dumu lijae mpaka shingoni. Hili ndo lilinimaliza batch ya pili, niliacha dumu nusu wazi wiki tatu, hewa ikafanya kazi yake, nikapata lita 9 za siki. Siki nzuri sana kusema kweli, kachumbari ya mtaa mzima iliongea, na kama we huli kilevi basi ujue hapo ndo pa kuishia, acha tu ndoo wazi na kitambaa juu baada ya kuchachuka. Lakini kama unataka waini hewa ni adui namba mbili baada ya joto. Ndo maana nikakwambia dumu la lita 10 na chupa za kioo za kumalizia, ile chupa kubwa ya maji ya ofisini ya lita 18.9 ni ya mtu mwenye kilo 30. Toboa kifuniko, pitisha mpira, ziba pembeni kwa nta ya mshumaa, mwisho wa mpira uzamishe kwenye glasi ya maji. Gesi inatoka, hewa hairudi. Itaanza kupiga blup, blup, na hapo anza kuhesabu kwa saa, sisi watu wa redio tunajua sekunde. Ikifika blup moja kila dakika mbili tatu pima tena, ikisoma 0.995 siku tatu mfululizo imekwisha. Usiamini kimya peke yake, inaweza kuwa imekwama kwa joto au baridi na sukari bado imo, na hiyo ndo inayopasua chupa.

Wiki tatu baadaye mashapo yote yako chini kama matope ya Msimbazi. Weka dumu juu ya meza, chombo kisafi chini, mpira ujaze maji yaliyochemshwa kwanza kisha achia yatangulie, waini itafuata yenyewe, usinyonye kwa mdomo, mdomo una bakteria kuliko sokoni. Ncha ya mpira isiguse chini. Hamisha taratibu bila kurusha povu, rudishia salfaiti gramu 1 kwa lita 12, jaza mpaka juu kwa ile ya chupa za ziada, funga tena. Rudia baada ya miezi miwili.

Kuhifadhi ni pango tena. Wahungaria wanaweza kuilaza miaka, Aszú inakaa kwenye mwaloni angalau miezi 18, sisi kwa nyuzi 30 za chumbani waini inazeeka mbio kama mtu aliyehamia mjini. Mi nilinunua friji bovu bovu la mtumba kwa fundi wa Buguruni, gasketi nzima, kidhibiti nimekiweka kwenye ubaridi mdogo kabisa, linashika kama nyuzi 14. Ndo Tokaj yangu hiyo. Ukikosa friji basi ukubali kuinywa ndani ya miezi minne mitano, kabatini chini kabisa, gizani, mbali na ukuta unaopigwa na jua la jioni. Sio vibaya, waini changa ina utamu wake.

Chupa nakusanya kwenye kumbi za harusi Jumapili asubuhi, chukua zenye vizibo vya kuzungusha, vile vya mti vinataka mashine. Chemsha, kausha zikiwa zimepinduliwa, jaza uache kidole kimoja. Andika tarehe. Nyingi nilizogawa bila tarehe zilirudi na lawama.

Mambo mawili ya haraka. Moja, usiipike kwenye mtambo kutoa kitu kikali, hiyo sio waini tena, hiyo ni gongo, inaua macho na watu na ni kosa kisheria. Mbili, hii yote niliyoeleza ni ya nyumbani, siku ukitaka kuuza hata chupa moja kuna leseni ya vileo, kuna TBS, kuna ushuru wa bidhaa wa TRA, nenda kaulize kabla hujabandika lebo.

Kunywa. Usiinywe ya joto la chumbani, maana chumba cha vitabu vya Ulaya ni nyuzi 18 na chako ni 31, itakuchoma tu kooni. Weka friji nusu saa. Na mchana wa Dar fanya kama Wahungaria wanavyofanya kiangazi, wana kitu kinaitwa fröccs, waini na maji ya gesi, na wana majina ya kila kipimo kama sisi tulivyo na majina ya chapati. Waini moja maji moja ni kisfröccs. Waini mbili maji moja ni nagyfröccs. Waini moja maji mawili wanaita hosszúlépés, maana yake hatua ndefu. Tatu kwa mbili inaitwa házmester, yaani mtunza jengo. Wao hasa wanatumia nyeupe na waridi lakini nyekundu yetu ya Makutupora ikiwa changa inakubali, kipande cha barafu, kibarazani, saa kumi jioni, hosszúlépés ndo saizi yangu.

Chupa ya kwanza iliyokubali nilimpelekea mwenye nyumba, yule wa panga, kama kuomba radhi. Akanusa, akaonja, akakaa kimya muda mrefu mpaka nikaanza kuhesabu sekunde kichwani kama ukimya wa hewani, ukivuka tano studio nzima inaruka. Ya tisa akaniuliza sukari iko wapi.

Nikamletea bakuli la sukari. Dogo nilipomsimulia akamwambia mzee, mzee akatuma voisi noti ya kicheko mtupu, na nyuma yake inasikika kengele ya saa sita mchana ambayo redio yao inaipiga kila siku.

Mwezi wa nane naagiza kilo 30.